Jumanne ya Mkebeni

Stima ilirudi Alhamisi saa nne, ikarudi na hasira,
na kompyuta ya chama ikatoa mlio mmoja
kama kikombe kinachopasuka kwenye sinia,
kisha kimya, na harufu ya mpira ulioungua.

Chama cha Kuzikana, ghorofa ya pili, Bondeni,
juu ya duka la magodoro. Mimi ndiye karani.
Miaka thelathini bandarini nilihesabu makasha ya watu,
sikupoteza hata moja.
Uzeeni nimepoteza wanachama mia tatu na kumi
kwa pumzi moja.

Nikampigia Barke.
Binti wa Tudor, rika la kiatu changu cha Idi,
ndiye aliyetuhamisha kutoka daftari la jalada gumu
hadi kwenye majedwali:
hili la watu, kila mtu na namba yake,
hili la michango, kila shilingi imeshika
namba ya aliyeitoa, kama mtoto sokoni
ashikavyo upindo wa buibui la mamake.

Alinifunza, mimi mwanagenzi mwenye mvi, amri ya usiku:
mstari mmoja, andika, bonyeza, subiri,
hifadhidata nzima ijimimine ndani ya faili moja.
Nikaiweka nakala pale pale, kwenye mashine ile ile.
Barke akaniangalia kama aonaye mtu
amefunga mlango, akaacha ufunguo kwenye kitasa.
"Mzee wangu, nakala hailali na mwenyewe nyumba moya."

Basi kila Jumanne flashi ikavuka daraja
hadi Kongowea, kwa dada yangu Mwanaharusi,
ikalala ndani ya mkebe wa maziwa ya unga
pamoja na vifungo, na funguo za makufuli yasiyokuwepo tena.

Sasa mkebe uko mezani, na mashine ya kuazima.
Mkono wangu ukakimbilia michango.
Pesa kwanza: ukarani ni maradhi.
Skrini ikakataa, mistari myekundu juu hadi chini:
huu ni wa nani? simjui.
huu ni wa nani? simjui.
Barke akavuta kiti. "Watu kwanda.
Mchango utamshika nani, na mtu hayupo?"

Tukafuta. Tukaanza upya.
Majedwali matupu, kisha watu, kisha michango.
Mwanasha Abubakar. Kazungu Charo. Nyevu Salim.
Mia tatu na kumi.
"Hesabu," akasema. "Nakala ambayo hujawahi kuirejesha
ni tetesi tu."
Nikajumlisha kwa penseli, nikajumlisha kwa mashine.
Zikalingana.

Ndipo nikamwona.
Namba 212. Twalib Mbwana, fundi cherehani wa Kuze.
Hali: hai.
Anadaiwa mia mbili za mwezi.

Jumatano asubuhi tulimzika Kikowani.
Mchanga wake bado uko kwenye kiatu changu.
Nilimwandika mwenyewe, saa nane mchana,
nikatoa pesa za sanda, nikafunga hesabu yake.
Nakala ya usiku ule iliungua pamoja na mwenyewe.
Mkebeni ilikuwa bado Jumanne.

Barke alikuwa akikunja waya, akinieleza
kuwa nakala hukufikisha pale ilipochukuliwa,
haikuongezei hata hatua;
kuwa tangu leo flashi ivuke daraja kila siku.
Naam, nikasema. Kila siku.
Nikafungua kitabu cha risiti, karatasi za kaboni,
mwandiko wangu wa buluu uliofifia:
maingizo kumi na manne.
Nikaingiza kumi na matatu.

Adhana ya adhuhuri ikapanda dirishani.
Nikaenda nikaswali, nikamwacha Twalib hai,
na deni lake la mia mbili.

Niliporudi nikaketi,
nikaandika tena, herufi moja moja,
kama afukiaye kwa mkono.