Nakala ya Tatu

Mama Ndeonansia katandika kanga juu ya meza,
kule Kidia, ukungu umeshuka hadi migombani,
akaleta bati la biskuti lililobabuka rangi.
"Za mkono wake ndizo hizi," akasema.
"Zako za mashine ziko wapi, Kajiru?"

Nikafungua mkoba.
Miaka kumi na mmoja nilimpigia chapa Hakimu Lyatuu
katika chumba cha nyuma cha mahakama, Moshi mjini,
dirisha likitazama reli na maghala ya kahawa.
Kaboni ilinigandia vidoleni. Mke wangu
aliijua siku ya barua ndefu
kwa alama za buluu kwenye tonge.

Barua za siasa alizitamka kwa kusimama,
mikono nyuma, macho ukutani:
"Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa.
Nimepokea maelekezo yako
juu ya wale wanaume saba wa chama cha wakulima.
Nasikitika kukujulisha kwamba sheria niliyoiapia
haina mlango wa uani."
Nukta. Aya mpya, Kajiru.
Sauti yake sikuwahi kuisikia ikikwaruza.

Za nyumbani aliziandika mwenyewe usiku,
taa ya chemli, mlango umerudishwa.
Hizo sikuzijua. Zilipanda mlima
ndani ya kapu la muuza ndizi, likirudi tupu kutoka Kiborloni.

Basi tukazipanga, tarehe kwa tarehe,
yangu kushoto, yake kulia.
Tisa Machi, yangu: haina mlango wa uani.
Tisa Machi, yake:
"Mama Elinisafi, uza yule mtamba mwekundu kabla ya Jumapili.
Fedha zishonee kwenye godoro, si kwenye mto,
mto watauchana kwanza.
Maji ya mfereji ni zamu yetu Alhamisi, usimwachie jirani.
Leo nimetamka barua. Goti langu
liligonga meza mpaka nikaona heri nisimame."

Kumbe.

Nikakohoa. Nilikuwa na neno
nililolibeba toka Usangi,
na jani la isale ndani ya koti, limekunjika.
Mimi ni Mpare, lakini nimekaa chini ya mlima huu
vya kutosha kujua watu wake huombwaje radhi.
Nakala moja ilikuwa ya faili.
Moja ya Hakimu.
Ya tatu niliikunja mara nne, nikaitia soksini,
nikampa mtu aliyesimama nyuma ya posta,
ambaye jina lake silijui mpaka leo
na ambaye karo za wanangu alizilipa kwa wakati.

Kabla sijafumbua mdomo, akanisogezea karatasi.
"Hii isome wewe. Macho yangu yamechoka."
Hayakuwa yamechoka.

"Kajiru hupiga nakala tatu. Nahesabu kaboni kila Jumamosi.
Ana watoto watano, na kifua cha mkewe si kizima.
Mwache.
Isitoshe, tangu nijue ninasomwa,
nimeanza kuandika vizuri zaidi."

Nilisoma mpaka mwisho. Sijui niliisomaje.
Mbuzi alilia nyuma ya nyumba, akanyamaza.
Wale saba aliwaachia, hilo mji mzima unalijua.
Mwezi wa sita akahamishiwa kusini,
miaka mitatu, akarudi na mvi
na kikohozi ambacho hakukiandika popote,
wala kwangu, wala kwake.

Nikalitoa jani, nikaliweka mezani.
Mama Ndeonansia hakulishika kwanza.
Alimimina kahawa, yangu bila sukari, kana kwamba anakumbuka,
kisha akalichukua kwa ncha ya vidole,
akalilaza batini, juu ya Machi, akafunika.

"Wajukuu hawawezi kuusoma mwandiko wake," akasema.
"Mashine yako bado inafanya kazi?"
"Inafanya, mama. Herufi R tu ndiyo inayokwama."
"Basi zipige zote. Za kwake, na zako."
Nikauliza, kama nilivyofunzwa kuuliza,
nakala ngapi.

"Tatu," akasema.
"Si ndivyo ulivyozoea?"