Kamba Nane

Isongole, Jumamosi, saa tatu na nusu.
Ukungu umelala uwanjani kama ng'ombe aliyegoma kuamka,
goli la upande wa barabara halionekani.
Nimeleta kopo la rangi lililojaa maji,
kipande cha tyubu ya baiskeli nilichokifunga duara,
kamba nane za katani,
na filimbi ambayo mvua ya juzi imeinyamazisha.

Mchezo ni huu, nikawaambia:
kila mmoja kamba yake.
Mkivuta, tyubu hupanuka.
Mkilegeza, hulikumbatia kopo.
Asiliguse mtu hata kwa kidole,
na maji yafike kwenye pipa, kule.
"Kule wapi, mwalimu?"
Kule, ndani ya ukungu.

Ambakisye, anayebeba magunia sokoni siku za gulio,
alivuta kama anayemtoa fahali shimoni.
Kopo likaanguka.
Maji yote kwenye viatu vya Tumpe, tena vya kuazima.
"Nani kavuta?"
"Siyo mimi."
"Basi kamba imejivuta yenyewe!"
Mara ya pili, mara ya tatu,
nyasi zimeshiba, pipa halijaonja tone,
na kila mdomo una maelekezo.

Sasa Gwantwa.
Huyu, akiambiwa asome darasani,
husimama tu mpaka kengele imjibie.
Neno lake la kwanza hukwama mlangoni
kama mtu mwenye mzigo mpana kuliko mlango.
Akasema:
"Le... le..."

Nilitaka kummalizia. Mdomo wangu ulishafunguka.
Lusekelo akanikanyaga mguu.

"Le..." mkono mmoja ukalegea.
"Le..." wa pili, wa tatu, na wa Ambakisye nao,
polepole, kama anayeshusha mtoto aliyesinzia.
"Legezeni."
Neno lilipotimia
tyubu ilikuwa imeshalishika kopo kiunoni.

"I... i... inueni."
Likapanda. Likayumba. Likatulia.
"Ka..." hatua.
"Ka..." hatua.
Hakuna aliyemtangulia, maana hakuna aliyejua
neno litakatika wapi.
Wakazama ukunguni wote wanane,
nikabaki na sauti tu: ka, ka, ka,
mchi wa mtu asiye na haraka.

Kisha maji, ndani ya bati.

Yalikuwa nusu kopo, labda pungufu. Sikupima.
Nilikuwa na hotuba fupi mfukoni kuhusu ushirikiano;
nikaipangusia pua.

Hatujakusanya kamba, tukasikia makelele barabarani.
Fuso la viazi limezama hadi kwenye rimu,
magunia ya lumbesa yameinama kama walevi,
na wanaume sita wanalizunguka.
Kila mmoja ana amri, hakuna mwenye bega.
Wanafunzi wangu hawakuniuliza.
Waliondoka tu, mikono bado ina alama za katani.

Gwantwa akasimama penye dirisha la dereva, mkono juu.
"Su..."
Mabega yakagusa bodi.
"Su..."
Wale sita wakatazamana, nao wakainama.
"Su..."
Nikainama na mimi.
"Sukumeni!"
Fuso likakoroma, likarudi nyuma shubiri moja,
likafikiri,
likatoka,
likamwachia Ambakisye tope hadi ndani ya masikio.

Dereva akaturushia viazi vitano, kila kimoja ngumi ya mtu mzima.
Tukavifukia kwenye majivu ya jiko la shule.
Viazi vitano, watu wanane, mimi wa tisa,
kisu kimoja kisicho na mpini.
Hapo ndipo yote niliyofundisha yakavunjika:
Tumpe ana hesabu yake, Lusekelo ya kwake,
Ambakisye anadai fungu la aliyechafuka zaidi,
sauti zote kwa mpigo, hata yangu.

Gwantwa hakusema kitu.
Alikuwa ameshamenya cha kwanza,
anapuliza,
anakula.