Poda Bado Masikioni

Wamefika na boti ya asubuhi, watatu na nanasi moja:
Baba Bahizire, mkewe, na Nsimire katikati
kama mtuhumiwa kati ya askari wawili.
Poda waliyommwagia kijiji kizima kule Idjwi
siku matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotoka
bado imejificha nyuma ya sikio lake la kushoto.
Asilimia sitini na moja.
Baba anaitaja kabla hajataja jina.

Chumba chetu cha Jumamosi kiko Kadutu,
ngazi tisini na mbili kutoka sokoni,
juu ya fundi cherehani asiyejua kupumzika.
Tuna mabenchi mawili, ubao uliopasuka,
birika lisilo na mfuniko.
Hapa tunawaambia watu wa kisiwani
yale ambayo sisi hatukuambiwa na mtu:
kwamba dosye ina karatasi saba,
na ile ya saba ndiyo hupotea;
kwamba minervali siyo pesa yote,
kuna silabasi za kununua kwa kila profesa,
kuna mkaa, kuna sabuni, kuna godoro,
kuna siku utashuka mlima na matope hadi magoti
ukute mlango wa darasa umefungwa,
na nauli imekwisha kwenda.

Baba anahesabu kwa mananasi.
Namwona, midomo inacheza bila sauti.
Mwaka wa kwanza: shamba lote la juu.
Wa pili: la chini, na mbuzi wawili.
Anapofika wa tatu anageuka dirishani,
anatafuta ziwa kati ya mabati,
kama vile mwaka huo wa tatu unakuja kwa maji.

"Na atatoka daktari," anasema.
Siyo swali.
Nsimire anatazama viatu vyake.
Benchi linalia kidogo.

Ndipo mama, ambaye tangu aingie
hajasema ila jambo, akafungua mdomo:
"Migomba yetu inakufa.
Ndizi inaiva upande mmoja, ukiipasua ndani imeoza.
Huyu mtoto alichukua daftari,
akaandika kila mgomba na siku yake ya kufa,
kama padri.
Je, hakuna daktari wa migomba?"

Yupo, mama. Anaitwa agronomu.
Miaka mitatu, kisha miwili akipenda.
Nsimire akainua kichwa
kwa mara ya kwanza, na poda ikadondoka begani.

Baba kimya.
Cherehani chini ikaenda, ikasimama, ikaenda.

Sikuwa nimepanga kuwaeleza habari zangu.
Lakini kimya cha wazazi nakijua,
nimewahi kukijaza kwa uongo.
Mwaka wangu wa kwanza nilianguka sesheni ya kwanza,
nikapiga simu nyumbani: niko vizuri, mama.
Mama akauza pagne zake za harusi
kulipia mwaka ambao sikuwa nao.
Wiki tatu nilikaa nje ya darasa,
nikiogopa kuuliza tu kikao kiko wapi,
kwa sababu walio ndani walicheka Kifaransa changu
kinachonuka samaki wabichi.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja, nikawaambia,
na hakiingii kwenye dosye.
Akipiga simu usiku, sauti imekauka,
akasema nimeanguka,
msimuulize mananasi yameenda wapi.
Muulizeni amekula nini.

Mama akaitikia upesi.
Baba alichelewa.
Alichukua nanasi, akaliweka mezani kwangu,
akaligeuza hadi upande ulioiva ukanitazama.
Boti ya kurudi ilikuwa saa tisa
na kutoka Kadutu hadi bandarini ni mwendo.

Mlangoni akarudi, peke yake,
akanyoosha kiganja chenye nyufa za jembe.
"Ile karatasi ya saba," akasema, "ile inayopotea.
Niandikie jina lake hapa.
Mkono huu sijawahi kuuacha mahali."

Nikaandika polepole, wino ukikwama kwenye sugu:
*cheti cha kuzaliwa.*
Akapuliza ikauke.