Hali Ilivyo

Barabara ya Kirinyaga, orofa ya kwanza, juu ya duka la breki,
nina kompyuta, mashine ya kutoa nakala
na maneno yaliyokwisha andikwa kabla mteja hajapanda ngazi:
"Mimi, nukta nukta nukta, mwenye kitambulisho nambari nukta nukta,
nimeuza kwa hiari yangu, bila kushurutishwa..."
Shilingi mia kwa ukurasa. Stempu ya wakili ina bei yake,
na wakili mwenyewe ameenda chai.

Alhamisi akaja Bi Rispa Moraa, mkunga mstaafu,
nyuma yake Jillo Guyo, muuza maziwa ya ngamia wa Islii.
Kinachouzwa kiko chini, kimeegemea ukingo wa mtaro:
skuta rangi ya chai iliyozidi maziwa,
kiti kimeshonwa mara mbili, nyuzi mbalimbali.

Nikasoma chesisi, nikasoma injini, nikaingiza tarakimu,
nikafika nilipokwisha kufika mara elfu:
"...ikiwa katika hali nzuri."
"Futa," akasema Bi Rispa.
"Mama, zote huandikwa hivyo."
"Basi zote ni uongo. Andika nitakayokwambia."

Nikaandika.
Kwamba hukohoa ikinyeshewa.
Kwamba taa ya kushoto huwaka ikipenda.
Kwamba haiwaki hadi teke la tano, na la tano lipigwe kwa upole.
Kwamba geji ya mafuta imekwama kwenye nusu
tangu usiku ule mto Mathare ulipofurika,
vijana watatu wakaivusha mabegani
kwa kuwa ng'ambo kulikuwa na mwanamke
na mtoto aliyetanguliza miguu.
"La mtoto pia niandike?"
Akawaza. "Hapana. Hilo si kasoro."

Nikangoja bei ishuke. Jillo alikuna shavu tu.
"Na breki?"
"Breki zashika."
"Basi aandike na hilo."

Kisha saa. Watu hudhani tarehe yatosha; haitoshi.
Huandikwa saa na dakika, maana
kabla ya saa nane na dakika kumi
kila faini, kila mguu uliokanyagwa,
kila polisi wa Pangani mwenye swali ni wa huyu mama;
baada ya hapo ni wa huyu kijana.
Mstari mwembamba, wino wa bei rahisi.
Niliwahi kuachana na mtu, sitamtaja,
na mpaka leo siijui dakika
ambayo makosa yake yalikoma kuwa yangu.

Simu ikalia, pesa zimeingia. Akausoma ujumbe mara mbili.
Akatia sahihi kama ajazaye kadi ya kliniki,
haraka, herufi zimelala.
Jillo akaandika jina zima hadi la babu, ncha ya ulimi nje.
Shahidi alikuwa fundi wa chini; dole gumba lake jeusi
likaacha alama mahali pasipohitaji alama.
Logibuku. Nakala za vitambulisho. Namba za kodi.
Ufunguo mmoja; wa pili ulipotea,
"andika ulipotea."

Nikawatazama dirishani. Teke la kwanza. La pili. La tatu, la nne.
"Kifungu cha tatu!" Jillo akanipazia sauti, akicheka,
kisha akateremsha mguu polepole
kama anayeogopa kuamsha mtu,
na ikawaka.
Bi Rispa hakungoja ipite kona.
Akashika njia ya Ngara kwa miguu,
helmeti kwapani, maana helmeti haikuuzwa,
mkono wa kulia ukisokota hewa kidogo.

Zilikuwa kurasa mbili. Nilitoza moja.

Saa tisa akaja mwenye Probox, mbiombio,
ameiacha ikiunguruma barabarani:
"Andika hali nzuri, kaka, kama kawaida."
Nikaandika.
Ila vidole vilikaa kidogo juu ya N
kabla ya kuibonyeza.