Kifuniko

Mwalimu Lamara alituonya Jumatatu:
kwanza miguu mitatu, isimame imara,
kisha nuru, kisha hesabu hadi kumi
kabla hujathubutu kugusa kamera.

Nikaitega kwenye tanuri la baba, Kutaisi,
saa kumi alfajiri.
Nikahesabu. Nikaiacha ikinasa,
nikatoka kufagia theluji mlangoni.

Darasani, skrini nyeusi tii.
Vakhtangi akacheka hadi kiti kikalia:
kifuniko cha lenzi sikukitoa!

Lakini sauti ilikuwemo.
Donge likikandwa, kuni zikialika,
na baba, asiyeimba mbele ya mtu,
akimwimbia mama
kana kwamba hatukumzika.

Kiti cha Vakhtangi kikanyamaza.
Mwalimu akazima taa,
akairudisha mwanzo.