Robo ya Nne

Mechi ya kwanza mwamuzi aliukataa mpira wetu.
Aliuzungusha kiganjani, akaunusa,
akasema mchafu huu, leteni mwingine.
Si uchafu, mama. Ni vidole.
Mafuta ya ganda la korosho hayasikii sabuni,
hayasikii majivu wala ndimu,
yanatoka siku ngozi ikitoka.
Tukacheza na mpira wao, mweupe kama yai,
tukafungwa arobaini na moja kwa tisa.

Mimi ndiye naandika.
Goti langu la kulia liliniaga mwaka juzi pale Chuno,
nikapewa daftari na kalamu iliyofungwa kamba.
Naandika ninachokiona, siongezi chumvi:
Sikudhani Chilumba, mfungaji, kajaribu kumi na nane, yameingia matatu.
Somoe Nampota, mlinzi, kaonywa mara mbili kwa mikono
na mara moja kwa mdomo.
Paskazia yuko kila mahali,
na kila mahali kachelewa.

Ualimu wakatufunga. Hospitali wakatufunga
huku wakitupa pole, tena pole ya dhati.
Bandari walichelewa hadi saa kumi na moja,
tukasema leo pointi za mezani,
tukaanza hata vigelegele,
lori lao likakata kona.
Hiyo nayo nimeiandika.

Daraja la pili, wilaya, timu nane.
Ukitutafuta kwenye msimamo anzia chini,
hutachoka macho.

Meneja wa kiwanda alituuliza getini,
si kwa ubaya, alitaka tu kujua:
Mnapata nini huko?
Wengine tukatazama kandambili zetu.
Somoe akamjibu: Tunasimama.
Hakumwelewa.
Kutwa tumekaa, bwana, magoti yamekunjwa,
nyundo ndogo, ganda, nyundo ndogo, ganda,
kilo haifiki, mgongo umeshafika.
Jumamosi jioni
tunasimama.

Kisha mnada ukafunguliwa, magunia yakajaa mpaka mlangoni,
zamu ya usiku ikaita majina.
Mechi ya mwisho, na Magereza,
tulifika watano.
Watano sheria inaruhusu. Aibu hairuhusu,
lakini aibu haina filimbi.
Tabia alinyonyesha, akanipa mtoto, akaingia uwanjani.
Mtoto akalala juu ya daftari:
ukurasa wa robo ya pili una doa la mate,
na hapo naomba radhi, namba hazisomeki vizuri.
Robo ya tatu ilipoisha: thelathini na moja kwa sita.

Ndipo mpira wa Magereza ukaruka uzio
ukaangukia miiba, ukatoa pumzi yote.
Mwamuzi akatazama huku na huku.
Ni yuleyule, mama wa siku ya kwanza.
Akanyoosha mkono kwetu bila kusema.

Sijui niseme nini kuhusu dakika zile kumi na tano.
Mpira uliwateleza wao, ukatunata sisi.
Paskazia akawa kila mahali, kwa wakati.
Somoe aliruka, nikaona nyayo zake,
nyeupe, hazina doa hata moja.
Sikudhani akafunga, akakosa, akafunga,
akafunga,
akakosa vibaya sana, akafunga, akafunga.
Robo ya nne: tano kwa nne.
Tano zetu.

Mwisho thelathini na tano kwa kumi na moja.
Afisa michezo akanipa fomu nitie sahihi.
Fomu ina mshindi, ina aliyeshindwa.
Robo hazina safu yake.
Nikatia sahihi. Nikarudi kwenye daftari langu,
nikapiga mstari chini ya ile tano,
kalamu ikatoboa karatasi.

Jumatatu saa moja tulikaa.
Nyundo ndogo, ganda. Hakuna aliyeitaja.
Karibu na chai Sikudhani akaokota ganda moja,
akapima kwa jicho ndoo ya Tabia, hatua sita hivi,
akanyoosha mkono juu, kiganja cheusi, kifundo kimelegea,
akaliachia.

Likakosa.
Tukacheka hadi msimamizi akaja
kuhesabu ndoo upya.