Baridi Ipo, Pumzi Hamna

Uyole, mwezi wa saba, jua bado linajifikiria,
Mgongolwa akaegesha Fuso lake mbele ya gereji yangu.
Kwenye bampa: SUBIRA HAINA MAFUTA.
Akasema kiyoyozi hakipulizi.

Nimevaa masweta mawili. Nikamuuliza
kama Mbeya nzima imeishiwa baridi hadi anunue ya kwake.
Hakucheka.
"Wewe huendi Chalinze," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini:
"Na hujashuka Inyala alfajiri, kioo kimeshika ukungu kwa ndani,
unafuta kwa kofia, unafuta,
na mbele yako lori la mbao
ambalo taa zake za nyuma zilikufa zamani."

Basi nikaanza kwa masikio.
Kompresa ikashika: tak.
Nikagusa bomba. Linatoka jasho, la baridi kama pua ya mbwa.
Gesi ipo, basi. Baridi ipo.
Swichi namba moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, kimya.
Nne: feni ikaunguruma kama mashine ya kukoboa mpunga kule Igurusi,
lakini uzi niliouchomoa kwenye sweta
nikauweka mbele ya tundu
ukaning'inia tu, kama mtoto aliyetumwa na hataki kwenda.

Wengi hapa hukimbilia gesi.
Wanajaza, wanapokea hela, wanakutakia safari njema.
Mimi nilifundishwa na umaskini: spea ni ghali, kutazama ni bure.

Nikamwambia Andulile, utingo, ahame kwenye kiti chake.
Nikalala chali pale miguu yake inapokaa,
tochi mdomoni, bisibisi ya nyota, parafujo tatu;
ya nne ilikuwa imeota kutu, ikanila nusu saa na kucha moja.
Rizista nyeusi, kama buni iliyosahauliwa kikaangoni.
Kazi yake kuipimia feni nguvu,
na hupozwa na upepo wa feni hiyohiyo;
upepo ukizibwa, hujiunguza.
Kwa hiyo sikuuliza nani ameungua.
Niliuliza nani ameziba.

Nikaingiza mkono.

Manyoya ya godoro. Nyuzi za magunia ya viazi.
Maganda ya alizeti, yote ya Andulile, hakukana.
Na katikati, vitoto vya panya vitano, macho hayajafunguka,
vyekundu, vinapumua kuliko feni.
Vimelazwa juu ya karatasi.

Mgongolwa aliitambua kwa muhuri wake wa zambarau.
Stakabadhi ya Mabibo, ya Machi mwaka jana,
ile ambayo kwa kuikosa, tajiri alimkata mishahara mitatu
("umeuza magunia njiani, sema tu"),
aliyoitafuta chini ya mazulia, ndani ya Biblia,
mpaka akamshuku mkewe, na mkewe akaondoka wiki mbili.
Akainyoosha juu ya goti kwa kiganja, kama anapiga pasi.
Jina lipo. Sahihi ipo. Tarehe ipo.
Magunia: "arob", halafu meno.

Hakuna aliyesema neno.
Akaikunja, akaiweka nyuma ya leseni.

Wale panya, Andulile aliwabeba kwenye kopo la grisi
akapotea nao nyuma ya rundo la matairi. Sikuuliza.
Rizista nilipata kwenye Kanta iliyolala kwa jirani,
imeotwa na maboga mpaka kwenye usukani.

Tukaingia ndani watatu, milango tukafunga,
pumzi zetu zikakipofusha kioo.
Nikabonyeza namba moja tu.
Vumbi likamtapikia Mgongolwa usoni, na maganda mawili. Hakujikinga.
Uzi ukanyanyuka, ukalala hewani.
Kioo kikaanza kufunguka kutoka chini:
kwanza waipa, halafu kipande cha lami,
halafu gumboti, halafu kitenge, halafu uso
wa mama Ngwisa muuza chai,
aliyekuwa amesimama pale, sijui tangu saa ngapi,
akisubiri nimlipe ya juzi.